Mama Katika Nyumba ya Mfano

Chuoni, tarehe 6 Machi

Mdogo wangu Waya,

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu wewe ni mjanja. Unacheka, unauliza habari za paka wangu, mpaka nakata simu nimesahau nilichokasirikia. Barua huwezi kuikatiza.

Nyumba yenu ya mfano, ya kuokoa umeme, imefunguliwa jana. Nasema yenu, wewe na hiyo shule rafiki ya huko ng'ambo unakosoma, maana sisi tulioijenga tulisimama nje. Sikutanii. Wanafunzi wangu wa uashi, wale wasichana walioinua kuta zile mpaka viganja vikachubuka, walikatazwa kuingia wasije wakachafua sakafu. Wageni waligawiwa vifuko vya nailoni vya kuvaa juu ya viatu, wakaingia wakinyata kama wanaingia chumba cha upasuaji. Mkuu wa chuo alivaa vya kwake, kimoja kikamvuka katikati ya hotuba, akaendelea kuhutubia huku anakivuta kwa ncha ya kiatu. Hapo nilicheka, mara moja tu siku nzima.

Kiongozi wa wageni, huyo mwalimu wako ambaye wanafunzi wameshambatiza jina la Bwana Vipimo, alituelezea tena tunachokijua. Ukuta umejazwa karatasi zilizosagwa ili joto lisipite. Madirisha yamezibwa kwa mpira ili hewa isivuje. Mashine iliyoko stoo inaingiza hewa safi na kutoa ile chafu, mchana kutwa na usiku kucha. Sina ugomvi na hayo, ni elimu nzuri na nimeifundisha kwa moyo mmoja. Kilichonichafua roho ni watu. Kila mmoja alimvisha mwenzake kilemba cha ukoka, na mwisho wakapiga picha na mama katikati, wamemshika mabega kama kikombe cha ushindi.

Ndiyo, mama ameshahamia. Walitaka mtu wa kuishi mle msimu mzima wa mvua ili vifaa vipime, na wewe ukapendekeza mama yetu, mshonaji mstaafu, mjane, mtu asiye na makuu. Ameweka cherehani yake karibu na dirisha. Amefurahi, siwezi kudanganya. Anapapasa kuta kwa kiganja na kumwambia kila anayepita, "Hizi kajenga binti yangu, na umeme kapitisha mwanangu." Kwa hiyo nimefunga mdomo. Ila kifua chake unakijua tangu tukiwa watoto.

Dada yako,
Zege


Bwenini, tarehe 19 Machi

Dada Zege,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikarudia nimekaa. Ulikosea kazi, dada. Ungekuwa askari wa usalama barabarani hakuna gari lingepita.

Huku baridi inang'ata masikio. Karakana yao ni safi mpaka naogopa kupiga chafya. Kuna ukuta mmoja wenye skrini kubwa inayoonyesha nyumba zote za mfano, kila shule ya ushirikiano na ya kwake. Vifaa vilivyoko kwa mama vinaleta vipimo mpaka hapa: umeme uliotumika, joto, unyevu, hata wingi wa hewa iliyokwisha kupumuliwa. Dirisha likifunguliwa tunaona. Mama akibandika chai, mstari wa unyevu unapanda. Wanafunzi wa huku wakiuona unanyanyuka asubuhi husema, "Mama kaamka." Ni maarufu kuliko mimi niliyesafiri.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili si la utani. Nyumba itakayotumia umeme kidogo kuliko zote ndiyo itakayofundishwa katika shule zote hizi. Na mwalimu wake atabaki huku miaka miwili, asome na kufundisha. Mwalimu huyo anaweza kuwa mimi. Unajua nilivyozeeka pale chuoni nikifundisha umeme kwa chaki, nachora swichi ubaoni na kuwaambia vijana wafikirie kwamba imewaka. Nikirudi na elimu hii tutapata karakana ya kweli, wewe na mimi.

Kwa hiyo nakuomba, madirisha yasifunguliwe ovyo. Kila likifunguliwa linahesabiwa kuwa kasoro. Ni msimu mmoja tu.

Mama naongea naye kila Jumapili. Anasema hajambo kabisa, analala kama mtoto mchanga.

Mdogo wako,
Waya


Chuoni, tarehe 2 Mei

Waya,

Leo nimesogeza kabati la mama. Natamani ningeliacha pale pale.

Ukuta wa nyuma ni mweusi. Si weusi wa moshi, ni weusi wenye manyoya, na pembeni umezungukwa na rangi ya kijani kama usaha. Gauni lake la kitenge lilikuwa limegandia ukutani. Nilipolivuta likaja na ute, ute mrefu, kama wa konokono. Nililishika kwa vidole viwili nikalitupa nje na mama akalia, kwa sababu alilishona mwenyewe mwaka aliostaafu. Godoro upande wa chini lina mabaka. Mkate umeota ukungu ungali kwenye mfuko. Vioo vya madirisha vinatiririka maji kwa ndani mchana kweupe, na nyumba nzima inanuka kitambaa cha kufutia vyombo kilichosahaulika ndani ya ndoo. Nilirudi kwangu nikaoga, nikaoga tena, na hiyo harufu bado iko kwenye nywele.

Mama anakohoa. Nikiingia anakimeza kikohozi, macho yanamtoka, halafu ananiambia amekwamwa na uzi.

Nikaweka mkono kwenye tundu la hewa. Hakuna kitu. Nikaenda stoo, mashine imezimwa! Nikaiwasha. Kesho yake nimerudi, imezimwa tena. Nikamwendea Mkuu ofisini, nikamwambia anamuua mama yangu taratibu. Unajua alinijibu nini? "Mwalimu, nyumba ya kuokoa umeme ikianza kula umeme, itakuwa inaokoa nini?" Alisema hivyo bila kucheka. Mtu mzima, mkuu wa chuo kinachofundisha jinsi hiyo hiyo mashine inavyofanya kazi. Kisha akafungua droo akanipa kopo la marashi ya limau la kupulizia.

Sasa ile nyumba inanuka kitambaa kichafu chenye limau.

Madirisha nilitaka kuyafungua, mama akanishika mkono. Anasema tuwaache watu wa vipimo wamalize kazi yao. Sijawahi kumwona mbishi hivi. Wewe ndiye fundi wa umeme na uko karibu na wakubwa wa huko. Waambie wampigie Mkuu waamuru mashine iwashwe. Usichelewe.

Zege


Bwenini, tarehe 15 Mei

Dada,

Pole sana na kazi ya kabati. Usishtuke mno. Kuvu ni jambo la kawaida kwa nyumba mpya, plasta bado inatoa maji yake, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Jaribuni kufuta kwa siki na maji. Huku wanasema siki inatosha.

Kuhusu mashine, nitaulizia. Lakini nakusihi usiiguse wewe mwenyewe. Kila unapoiwasha mstari wa umeme unaruka, na Bwana Vipimo ameshauliza ni nani anayechezea swichi. Niliona aibu. Tumepanda mpaka nafasi ya pili sasa, tumebaki nyuma ya shule moja tu, na wao nyumba yao haina hata cherehani.

Mama aliniambia Jumapili kwamba kikohozi ni vumbi la vitambaa. Alicheka, akaniulizia kama nakula. Labda na wewe unatia chumvi kidogo, dada. Si mara ya kwanza.

Mkuu asikukate maini. Ndivyo alivyo, kila siku mdomo mbele.

Mdogo wako,
Waya


Chuoni, tarehe 3 Juni

Waya,

Siki yako nimeimwaga chooni.

Jana nimeufungua ule ukuta. Sikuomba ruhusa. Nilikwenda na wasichana wangu wa mwaka wa pili, tukang'oa mbao za ndani nyuma ya kitanda cha mama. Zile karatasi zilizosagwa, zilizotakiwa kuwa kavu na nyepesi, zimekuwa uji. Uji wa kijivu, mzito, wenye uvuguvugu. Tulipotoa ubao wa kwanza, uji uliporomoka wote sakafuni na ndani yake kulikuwa na vijidudu vyeupe, vyembamba, vinajinyonga. Mwanafunzi mmoja alitapikia ndoo ya plasta. Mimi nilijikaza kwa sababu ni mwalimu, lakini leo sijaweza kula chochote kinachokorogwa.

Mkuu akaja na leso puani. Akaangalia ule uji, akaniangalia mimi, akasema mbao zirudishwe na zipakwe rangi kabla ya Ijumaa kwa kuwa kuna picha za kutuma. "Usituharibie ushirikiano, mwalimu." Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikamwambia ni yeye anayezima mashine. Akaapa kwa watoto wake kwamba hajui hata swichi iko wapi. Nikamwamini, maana mtu yule taa ya ofisi yake mwenyewe huwashiwa na katibu wake.

Nikarudi kwa mama mchana bila kubisha hodi. Nikamkuta stoo, amekaa kwenye kigoda chake cha kushonea, mkono uko kwenye swichi. Akanitazama kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nikamuuliza, "Mama, ni wewe?" Akasema, "Waya aliniambia niwashe wageni wakija tu. Wakiondoka nizime. Umeme ukiwa mwingi watamrudisha."

Kumbe nimempigia kelele mpumbavu asiye na kosa. Na ulinijibu "nitaulizia"! Ungemwulizia nani, Waya? Kioo cha kunyolea?

Daktari amemsikiliza mapafu. Amesema kuvu imeshaingia kifuani na kila siku anayolala mle inazidi kumharibu. Nimemwambia ahamie kwangu. Hataki. Nimemwamuru, nimelia, nimetishia kumbeba. Anasema hatoki mpaka wewe umwambie, maana aliahidi kwako na si kwangu. Basi mwambie. Mpigie leo, umwambie atoke, na umwambie mwalimu wako kwa mdomo wako kwamba vipimo vyenu ni vya nyumba iliyonyimwa hewa. Hizo shule zote zitajenga hivi hivi, na watoto wa watu watalala humo.

Yeye amenikataza nisikuandikie hali yake. Anasema utashindwa kusoma kwa mawazo. Anadhani hujui. Na mimi nataka kudhani hivyo hivyo, Waya. Nataka kudhani kwamba ulisema kitu cha kijinga kwenye simu, ukasahau, na hujui kimefikia wapi. Nisaidie nidhani hivyo.

Zege


Bwenini, tarehe 20 Juni

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulikuwa na maonyesho na mimi ndiye niliyesimama mbele ya meza yetu.

Barua yako imeniumiza, maana unaniandikia kana kwamba nimemtupa mama. Unasema unataka kudhani sijui. Najua, dada. Najua kuliko unavyofikiri. Unyevu tuliuona tangu Aprili. Wiki ya kwanza mama alipoanza kuzima mashine, mstari wa hewa chafu ulipanda mpaka ukagonga juu ya skrini, wanafunzi wakauliza kama kifaa kimeharibika. Nikawaambia labda. Bwana Vipimo akanivuta pembeni. Hakunigombeza hata kidogo. Alisema mkazi ana uhuru wa kuishi atakavyo, sisi tunapima tu, na tukiingilia katikati mfululizo wa vipimo utaharibika. Ni mtu mwenye busara sana. Kwa hiyo hata nikienda kumwambia, nitamwambia kitu alichokwisha kukiona.

Lakini usidhani nilikaa tu. Nimekuwa na mama kila siku, pengine kuliko wewe unayekwenda na kurudi. Naijua saa anayoamka. Kikohozi kikimbana alfajiri anabandika maji ya moto, naona unyevu unapanda, na mimi nabaki pale mbele ya skrini nimesimama mpaka mstari ushuke, ndipo naenda kunywa chai. Siku nyingine haushuki haraka, na chai nakosa. Unaona basi kwamba namjali.

Msimu unaisha mwisho wa mwezi. Dada, tumekuwa wa kwanza! Jina la chuo chetu liko juu kabisa. Zimebaki siku chache tu na baada ya hapo mbomoe kuta zote mkitaka, mimi mwenyewe nitaomba vifaa vipya vya kuzijaza. Mwambie mama avumilie kidogo. Usimwonyeshe barua hii, hataielewa.

Mdogo wako anayekupenda,
Waya


Nyumbani kwa dada yako, tarehe 28 Juni

Mwanangu,

Barua uliyomwandikia dada yako nimeisoma. Usimgombeze. Juzi nilikuja kwake kumtembelea, nikamwomba anisomee akakataa, akasema ni mambo ya kazi, uso wake ukiwa umekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Alipokwenda darasani nikaichukua, nikavaa miwani, nikasoma polepole mpaka mwisho. Nimeielewa. Uliniona mshamba bure.

Nataka nikuambie nilivyokuwa naishi mle, maana ile skrini yenu haikuonyesha yote. Nilikuwa napikia nje, nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha naweka mwavuli juu ya jiko, ili mvuke usihesabiwe; ndani nilibandika maji ya alfajiri tu. Nguo nilikuwa nazianika kwa jirani. Kila Jumapili kabla hujapiga nilikunywa maji ya moto, nikajisugua kifua, nikakaa wima ili sauti itoke vizuri. Halafu nakuambia nimelala kama mtoto mchanga, na wewe unacheka. Simu ikikatika nakohoa mpaka naona nyota. Lakini nilikuwa najisikia hodari. Nilikuwa nasema, hata akiwa mbali, mwanangu hatajua, atasoma kwa amani. Hata dada yako nilimtishia kwamba sitaongea naye akikuandikia. Kumbe aliandika. Namjua, hawezi kunyamaza. Nikafikiri, basi, atadhani Zege anatia chumvi.

Kumbe nilikuwa nakuficha na wewe umesimama unanitazama.

Kuvu haikunitia kinyaa, mwanangu. Nimeosha wagonjwa kwa mikono hii, nimeosha baba yenu mpaka siku ya mwisho. Nimelala kwenye lile godoro na sikulalamika. Ila nilipofika pale ulipoandika kwamba nabandika maji alfajiri na wewe unasubiri mstari ushuke uende kunywa chai, niliiweka barua chini, nikatoka uani, nikatapika. Wapangaji wa dada yako wamenishika kichwa. Walifikiri ni ugonjwa.

Mwalimu wako simfahamu na sina neno naye. Anapima, ndiyo kazi yake. Wewe nilikuzaa. Na nikuambie jambo moja ambalo ndilo linaloniuma. Ungeniambia, "Mama, naona unaumia, najua, lakini endelea kwa ajili yangu," ningeendelea. Wallahi ningeendelea hadi siku ya mwisho, na ningemfungia dada yako mlango asiingie. Hukuhitaji kunidanganya. Ulihitaji kuniomba tu, ukijua unachoniomba.

Jana nimewasha mashine. Nikafungua madirisha yote, moja baada ya jingine, mpaka lile dogo la bafuni ambalo mpira wake ulikuwa umenata. Nikabeba cherehani yangu, wanafunzi wa Zege wakanibebea mengine, godoro tukalichoma. Najua zilibaki siku chache. Nilijua nilipokuwa nafungua. Zege ameziandikia zile shule zote na ameweka picha za ule ukuta, zile zilizopigwa kabla ya rangi. Mkuu amekuja hapa mbio, kifungo cha shati kimekaa tundu la jirani, anasema huko kwenu mmepiga simu kuuliza kama kifaa kimeharibika, kwa sababu kila kitu kimebadilika ghafla. Nimemwambia kifaa ni kizima, mimi ndiye niliyetoka.

Sina laana ya kukupa, usiogope. Chakula ule, na nguo nzito uvae. Lakini Jumapili usipige kunichekesha. Sasa sipo tena kwenye ule ukuta wenu, hakuna mstari unaopanda wala kushuka. Ukitaka kujua mama yako ameamkaje, itabidi uulize, na mimi nitakujibu ukweli.

Mama yako